Namna ya Kufuatilia Kazi ya Kwotabeki, Tangu Anapochaguliwa Hadi Anapostaafu: Mwongozo Kamili kwa Mfano wa Tom Brady

Mtu aliyekulia kwenye soka, anapoketi kutazama futiboli ya Marekani kwa mara ya kwanza, huchoshwa na jambo moja: mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache. Wachezaji wanagongana, wanaanguka, mwamuzi anapuliza kipenga, kisha watu wanarudi kujipanga upya. Wengi hukata tamaa hapo na kuzima televisheni. Kwa maoni yangu wanaondoka mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya kwotabeki, mchezaji anayeongoza mashambulizi ya timu, hufanyika mpira ukiwa umesimama, na ndivyo yalivyo hata maisha yake nje ya uwanja. Mwongozo huu unamwonyesha msomaji namna ya kuifuatilia kazi hiyo hatua kwa hatua. Nimemchukua Tom Brady, kwotabeki aliyetwaa ubingwa mara saba, kuwa mfano kwa kuwa katika misimu yake 23 alipitia karibu kila jambo linaloweza kumpata mtu wa nafasi hiyo: kudharauliwa, kukaa benchi, kutwaa ubingwa, kuumia, kufungiwa, kuhama na kuzeeka kazini.

Hatua ya kwanza: elewa kazi aliyopewa

Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Uwanja una urefu wa yadi 100, bila kuhesabu maeneo mawili ya kufungia yaliyo kwenye miisho yake, kila moja likiwa na yadi 10. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea angalau yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira eneo la kufungia huitwa tachidauni na huzaa pointi 6, na baada yake timu huchagua kupiga mkwaju wa pointi 1 au kujaribu kuingia tena kwa pointi 2. Mkwaju unaopita kati ya nguzo bila tachidauni huzaa pointi 3. Ukiyashika hayo unaweza kufuatilia mechi nzima.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kutoka kwa senta, mchezaji wa katikati ya mstari wa mbele, mwanzoni mwa karibu kila jaribio. Akishaupokea anaweza kumkabidhi mkimbiaji, kurusha pasi kwa mmoja wa wapokeaji, au kukimbia nao mwenyewe. Mbele yake husimama watu watano wenye miili mikubwa ambao kazi yao ni kumkinga. Kati ya jaribio moja na jingine ana sekunde 40. Ndani ya muda huo kocha humpa agizo kwa redio iliyomo kwenye kofia yake ngumu, ile yenye alama ya kijani kibichi kwa nyuma, na redio hiyo hukatika zinapobaki sekunde 15. Kuanzia hapo hakuna wa kumwelekeza. Anawaona wapinzani walivyojipanga, anaamua kama agizo la kocha linafaa au libadilishwe, na anawapigia kelele wenzake huku makumi ya maelfu ya mashabiki wakijitahidi kuizima sauti yake.

Hatua ya pili: tazama kabla mpira haujasogea

Hatua hii ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo ninayomsihi msomaji aifanyie mazoezi kwa mechi mbili au tatu kabla ya kujali jambo jingine lolote. Timu zikijipanga, usiutazame mpira. Tazama mabeki wa nyuma kabisa wa wapinzani na uhesabu wamesimama wangapi. Akiwa mmoja tu katikati, maana yake mara nyingi ni kwamba wapokeaji walioko pembeni wamekabwa mtu kwa mtu na pasi ndefu ya pembeni inawezekana. Wakiwa wawili waliogawana uwanja, pasi ndefu ni hatari zaidi, lakini katikati mara nyingi huwa na nafasi.

Kisha angalia kama kuna mchezaji anayehamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla ya mpira kutoka. Mtazamaji mgeni hudhani ni kujipanga tu, kumbe ni swali ambalo kwotabeki anawauliza wapinzani. Beki mmoja akimfuata yule anayehama, inaelekea wanakaba mtu kwa mtu. Mabeki wakibaki mahali pao na kusogea kidogo tu, inaelekea wanakaba kwa eneo. Kwotabeki mzuri hupata jibu hilo kabla ya kuugusa mpira. Wapinzani nao wanajua kwamba anasoma, kwa hiyo hujipanga kwa namna moja na kubadilika mara mpira unapotoka ili kumdanganya.

Mpira ukishatoka, ana takriban sekunde mbili na nusu, pengine tatu, kabla ya kufikiwa. Tazama miguu yake na mwelekeo wa kichwa chake. Brady hakuwa na mbio hata kidogo, lakini alikuwa na mazoea ya kusogea nusu hatua kushoto au kulia ndani ya ile ngome ya watu watano, macho yakiwa mbali, kiasi kwamba anayemkimbilia alipita pembeni yake. Yafaa kuitafuta nusu hatua hiyo kwenye marudio ya polepole, kwa kuwa takwimu hazina safu ya kuiandika.

Hatua ya tatu: anza na alikotoka

Ukitaka kumwelewa kwotabeki, rudi hadi shuleni. Brady alizaliwa tarehe 3 Agosti 1977 mjini San Mateo, California, na kusoma katika shule ya sekondari ya Junípero Serra. Tangu ujana wake alifundishwa namna ya kurusha na Tom Martinez, kocha wa chuo cha San Mateo, na aliendelea kumrudia hata baada ya kuwa bingwa, hadi mzee huyo alipofariki mwaka 2012. Mwaka 1995 timu ya besiboli ya Montreal Expos ilimchagua kama mdakaji, naye akakataa na kwenda Chuo Kikuu cha Michigan.

Huko Michigan alikaa akiba kwa muda mrefu. Timu yake ilipotwaa ubingwa wa kitaifa wa msimu wa 1997, aliyekuwa akicheza ni Brian Griese. Alipopata nafasi mwaka 1998 na 1999, bado alilazimika kuigombania na kijana aliyesifiwa kuliko yeye, Drew Henson. Ukiwa unafuatilia kijana yeyote wa chuo, andika mambo mawili: alicheza na nani pembeni yake, na alifanya nini alipokuwa nyuma kwa pointi. Nguvu za mkono utaziona mwenyewe siku ya kwanza.

Hatua ya nne: isome siku ya uteuzi kwa tahadhari

Kila mwaka NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani yenye timu 32, huendesha drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya kwa raundi saba. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, ingawa timu zinaweza kuuziana zamu. Kabla ya siku hiyo vijana hupimwa urefu, uzito, mbio na kuruka. Brady alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, muda wa polepole sana, na mwili wake ulionekana mwembamba.

Mwaka 2000 New England Patriots walimchagua katika raundi ya sita, akiwa mtu wa 199. Makwotabeki sita walitangulia kutajwa: Chad Pennington, Giovanni Carmazzi, Chris Redman, Tee Martin, Marc Bulger na Spergon Wynn. Miongoni mwao wapo waliopata kazi nzuri na yupo ambaye hakucheza hata mechi moja ya msimu wa kawaida, naye ni Carmazzi. Vipimo vilisema kweli kuhusu mbio zake. Ila hapakuwa na kipimo cha kasi ya kuamua.

Hapa pana historia nzito ambayo mfuatiliaji asiiruke. Kwa miongo mingi vijana Weusi waliocheza nafasi hii chuoni walihamishiwa nafasi nyingine au walipuuzwa, kwa dhana ya kibaguzi kwamba hawakufaa kuongoza. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1978, akaenda Kanada na kutwaa ubingwa mara tano akiwa na Edmonton, ndipo NFL ikamfungulia mlango mwaka 1984. Januari 1988 Doug Williams wa Washington akawa kwotabeki Mweusi wa kwanza kuanza na kushinda Super Bowl, yaani fainali ya NFL, akirusha tachidauni nne katika robo moja tu ya mchezo. Ilibidi kusubiri hadi Februari 2023 ili makwotabeki Weusi wawili, Patrick Mahomes na Jalen Hurts, wakutane katika fainali hiyo. Kwa hiyo unaposoma orodha za walioteuliwa miaka ya nyuma, kumbuka kuwa kuna waliostahili ambao majina yao hayamo.

Hatua ya tano: usiupuuze mwaka wa benchi

Msimu wake wa kwanza Brady alikuwa kwotabeki wa nne katika timu yake. Alirusha pasi tatu tu msimu mzima, ikafika moja, ya yadi 6. Mtu aliyemtetea kabla ya kuchaguliwa, kocha wa makwotabeki Dick Rehbein, alifariki Agosti 2001, wiki chache kabla ya kijana wake kupata nafasi. Huwa naona uchungu kila ninapofika sehemu hiyo ya simulizi.

Tarehe 23 Septemba 2001 kwotabeki mkuu Drew Bledsoe, ambaye mapema mwaka huo alikuwa ametia saini mkataba wa miaka kumi, aligongwa vibaya na Mo Lewis wa New York Jets hadi akavuja damu kifuani. Brady akaingia, na kiti hakikurudi kwa mwenyewe. Hata hivyo, katika mechi ya kuwania kuingia fainali kule Pittsburgh, Brady aliumia kifundo cha mguu, na aliyeingia na kuimaliza kwa ushindi alikuwa Bledsoe yuleyule. Anayesimulia habari ya Brady bila kumtaja Bledsoe wa siku ile anaiacha nusu.

Hatua ya sita: chagua mashambulizi machache na uyatazame kwa karibu

Huna haja ya kutazama mechi zote. Chagua dakika chache na uzirudie. Kwa Brady, anza na mwisho wa Super Bowl ya tarehe 3 Februari 2002 dhidi ya St. Louis Rams, timu iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda ikiongozwa na Kurt Warner, mtu ambaye miaka michache kabla alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za duka kubwa huko Iowa. Matokeo yalikuwa 17 kwa 17. Zilibaki dakika 1 na sekunde 21, Patriots walikuwa kwenye yadi yao ya 17, na hawakuwa na haki ya kuomba mapumziko. Mtangazaji John Madden, kocha wa zamani, alishauri hadharani kwamba wasubiri muda wa nyongeza.

Sasa hesabu alichofanya kijana huyo wa miaka 24. Pasi fupi kwa mkimbiaji J.R. Redmond, yadi 5. Nyingine kwake, yadi 8. Akaupigiza mpira chini makusudi ili saa isimame. Tena kwa Redmond, yadi 11, na Redmond akajitahidi kutoka nje ya mstari ili saa isimame. Kisha wapinzani walipomjia wengi, akautupa mpira mahali pasipo na mtu badala ya kulazimisha. Pasi iliyofuata ilimfikia Troy Brown kwa yadi 23. Ya mwisho ilikuwa yadi 6 kwa Jermaine Wiggins, halafu akaupigiza tena chini zikiwa zimebaki sekunde 7. Adam Vinatieri akapiga mkwaju wa yadi 48, na Patriots wakawa mabingwa kwa 20 kwa 17.

Katika orodha hiyo yote hakuna pasi hata moja iliyohitaji mkono wa ajabu. Hata ule mpira uliotupwa mahali patupu ni uamuzi wa kupongezwa, kwa sababu kuangushwa na mpira mkononi kungekula sekunde ambazo hazikuwapo.

Kwa anayeishi Afrika Mashariki, Super Bowl huanza saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu. Mechi za mchana wa Jumapili huanza saa 2 usiku mwanzoni mwa msimu, na saa 3 usiku baada ya Marekani kurudisha saa nyuma mwezi Novemba. Ukitaka kujifunza bila kukesha, anza na hizo za Jumapili.

Hatua ya saba: jifunze kukokotoa alama yake mwenyewe

Watangazaji hutaja alama ya kwotabeki kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Kumbe inakokotolewa kwa karatasi na kalamu. Tuchukue Super Bowl ya tarehe 5 Februari 2017, ambapo Brady alirusha pasi 62, zikafika 43, kwa yadi 466, tachidauni 2, na pasi 1 iliyonaswa na wapinzani.

Kwanza, gawanya pasi zilizofika kwa zilizorushwa: 43 kwa 62 ni 0.694. Toa 0.3, zidisha kwa 5, unapata 1.968. Pili, gawanya yadi kwa pasi zilizorushwa: 466 kwa 62 ni 7.516. Toa 3, zidisha kwa 0.25, unapata 1.129. Tatu, gawanya tachidauni kwa pasi zilizorushwa, zidisha kwa 20, unapata 0.645. Nne, gawanya pasi zilizonaswa kwa zilizorushwa, zidisha kwa 25, kisha toa jibu hilo kwenye 2.375, unabaki na 1.972. Hakuna kipengele kinachoruhusiwa kuzidi 2.375 wala kushuka chini ya sifuri. Jumlisha vyote vinne, gawanya kwa 6, zidisha kwa 100. Jibu ni 95.2. Alama ya juu kabisa inayowezekana ni 158.3.

Alama ya 95.2 ni nzuri, lakini haikuelezi kwamba timu yake ilikuwa nyuma 28 kwa 3 katika robo ya tatu. Haikuelezi kwamba ile pasi iliyonaswa ilikimbizwa yadi 82 na Robert Alford wa Atlanta Falcons hadi tachidauni, wala kwamba baadaye Brady aliongoza shambulizi la yadi 91 la kusawazisha, ambalo ndani yake Julian Edelman aliudaka mpira sentimita chache juu ya nyasi katikati ya miguu ya mabeki. Walishinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza, na ilikuwa Super Bowl ya kwanza kufika huko. Kokotoa alama, kisha itazame mechi.

Hatua ya nane: fuatilia wiki, mwili na mkataba

Mechi moja hutanguliwa na siku sita za kazi. Jumatatu wachezaji hupitia video ya mechi iliyopita na kutibu majeraha. Jumanne wengi hupumzika, lakini makwotabeki makini huanza kusoma video za wapinzani wapya. Jumatano hadi Ijumaa ni mazoezi, kila siku ikiwa na mada yake, kama vile jaribio la tatu au mashambulizi ya karibu na eneo la kufungia. Jumamosi ni kupitia mpango kwa kutembea tu.

Kuhusu mwili, andika tarehe za majeraha. Katika mechi ya kwanza ya msimu wa 2008 Brady alichanika kano za goti la kushoto na kukosa msimu mzima, mwaka mmoja tu baada ya kurusha tachidauni 50 na timu yake kushinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida kabla ya kufungwa fainali na New York Giants. Bila yeye, akiwapo Matt Cassel, timu ilishinda mechi 11 na kupoteza 5. Takwimu hiyo ni muhimu kwa mtu mwadilifu, kwani inaonyesha kwamba kocha Bill Belichick na wachezaji wengine hawakuwa pambo.

Andika pia yasiyopendeza. Mwaka 2016 alitumikia adhabu ya kukosa mechi nne kutokana na kesi ya mipira iliyopunguzwa upepo. Yeye alikana kuhusika, na mabishano yanaendelea hadi leo.

Mikataba nitaigusa kwa ufupi. Tangu 1994 NFL ina kikomo cha jumla ya mishahara kwa kila timu, hivyo kila dola anayolipwa kwotabeki ni dola asiyolipwa mlinzi wake. Unaposoma habari za mkataba mkubwa, tafuta kiasi kilichohakikishwa kulipwa. Jumla inayotangazwa kwenye kichwa cha habari mara nyingi hailipwi yote.

Hatua ya tisa: mtazame anapohama na anapoacha

Mwaka 2020, akiwa na miaka 42, Brady aliondoka New England na kwenda Tampa Bay Buccaneers, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 7 na kupoteza 9. Msimu huohuo timu aliyoiacha ndiyo iliyopata 7 kwa 9, na tarehe 7 Februari 2021 Tampa Bay wakawafunga Kansas City Chiefs 31 kwa 9 na kumpa ubingwa wake wa saba. Weka takwimu hizo pembeni ya zile za mwaka 2008 na usiharakishe kuchagua upande. Mwaka 2008 unamwonyesha kama sehemu ya mashine iliyoweza kwenda bila yeye, na 2020 unamwonyesha kama fundi aliyeweza kuhama na ufundi wake. Naamini yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati wake.

Alitangaza kustaafu tarehe 1 Februari 2022, akabadili nia baada ya siku 40, akarudi kwa msimu mmoja mgumu ambao katikati yake ndoa yake ya tangu 2009 ilivunjika, na mechi yake ya mwisho, Januari 2023, alifungwa na Dallas Cowboys 31 kwa 14. Tarehe 1 Februari 2023 alistaafu moja kwa moja. Alikuwa amerusha yadi 89,214 na tachidauni 649 katika misimu ya kawaida, na baadaye akawa mchambuzi wa televisheni.

Mchezaji huanza kufikiriwa kuingizwa katika Jumba la Mashujaa lililoko Canton, Ohio, baada ya misimu mitano tangu aache kucheza, kwa hiyo zamu ya kwanza ya Brady ni mwaka 2028. Hadi wakati huo, mtafute kijana mmoja anayeketi benchi msimu huu, andika jina lake na raundi aliyochaguliwa, kisha siku atakayoingia uwanjani anza kwa kuhesabu mabeki wa nyuma waliosimama mbele yake.